Nani alilipia ukumbi wa landi, na vile vitundu vya ukutani ni vya nini?

Swali: Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Nakuru. Marehemu babu yangu alikuwa fundi wa mabehewa katika reli na aliishi landi, yaani kwenye nyumba za wafanyakazi wa reli. Alizoea kusema, "Ule ukumbi tuliujenga kwa jasho letu, na sinema tukajilipia." Mjomba wangu anapinga. Yeye anasema ukumbi ulikuwa hisani ya wazungu na sinema ilikuwa ya bure. Wanafunzi wangu wa gredi ya sita nao wamesoma kwamba wachimba makaa wa Wales walijijengea kumbi zenye sinema, wakaniuliza kama hata sisi tulikuwa na kitu cha namna hiyo. Nani ana haki, babu au mjomba? Na vile vitundu viwili vya mraba vilivyo juu kabisa kwenye ukuta wa nyuma ni vya nini?

Jibu: Mwalimu, naanza na vitundu, maana ukuta hauegemei upande wa babu wala wa mjomba.

Tundu la mraba lililo juu ukutani, likitazamana na jukwaa, mara nyingi ni la mtambo wa sinema. Moja lilipitisha mwali wa taa kwenda kwenye kitambaa cheupe. La pili lilikuwa la mwendeshaji, achungulie kama picha imetulia. Penye mitambo miwili utakuta vitundu vinne au zaidi. Vyako ni viwili, kwa hiyo huenda palikuwa na mtambo mmoja tu, na hapo pana hadithi. Mkanda wa milimita 35 ulifungwa katika magurudumu ya futi 2,000, na kila gurudumu lilikwisha kwa dakika kama 22. Mwenye mitambo miwili alisubiri kidoa cha duara kimulike kwenye pembe ya juu kulia ya picha, akawasha mtambo wa pili, na watazamaji hawakujua kitu. Mwenye mmoja hakuwa na hila. Gurudumu likiisha, taa za ukumbini zinawaka, watu wanapiga miluzi, muuza karanga anapita, hadi mkanda mwingine ufungwe. Waulize wazee kama filamu moja ilikuwa ikikatika mara tatu nne kabla ya kuisha. Wakikubali, umepata shahidi wa pili.

Kwa nini mtambo ufungiwe chumbani? Moto. Mikanda ya zamani ya milimita 35 ilitengenezwa kwa nitrati ya selulosi, ambayo hushika moto upesi, na ikishashika haizimwi kwa maji kwa sababu inajitolea oksijeni yake yenyewe inapoungua. Kodak waliendelea kuitengeneza hadi mwaka 1951. Uingereza ilikuwa na sheria tangu 1909 iliyotaka mtambo ukae ndani ya chumba kisichoshika moto, na desturi hiyo ikasafiri pamoja na mitambo. Basi panda juu utazame. Je, kuna mfereji wa chuma pembeni mwa kila tundu? Hapo paliteleza kifuniko cha bati kilichoning'inizwa kwa kiungo laini, ili joto likizidi kiungo kiyeyuke na kifuniko kianguke chenyewe. Je, kuna mlango mdogo na ngazi ya nje? Mwendeshaji hakutakiwa kukimbilia katikati ya watu akiwa na moto mgongoni. Tafuta pia kipande cha bomba kwenye dari, kwa sababu taa za mitambo hiyo zilikuwa vijiti viwili vya kaboni vilivyowaka vikikaribiana, na moshi wake ulihitaji pa kutokea.

Usipoona chochote kati ya hivyo, usikate tamaa. Kumbi nyingi za wafanyakazi zilitumia mkanda wa milimita 16, ambao tangu ulipozaliwa mwaka 1923 haukutumia nitrati. Mtambo wake ulikaa mezani katikati ya viti, na haukuhitaji chumba wala sheria. Tazama na kingo: vitundu vyenye kingo zilizopigwa lipu vizuri vinasema ukumbi ulichorwa na sinema akilini tangu mwanzo. Kingo zilizobomolewa kwa nyundo zinasema mtu alileta mtambo baadaye. Na kama ukuta wa jukwaani nao una vitundu vya kimo kile kile, samahani, hayo ni matundu ya hewa.

Sasa pesa, ambazo ndizo zinazogombanisha familia yako.

Wanafunzi wako wamesoma sawa. Mji wa Blaenavon, kusini mwa Wales, ni mfano mzuri. Ukumbi wake wa wafanyakazi ulifunguliwa mwaka 1895 kwa gharama ya pauni 10,000, na fedha zilitoka kwa wachimba makaa na wafua chuma waliokatwa nusu peni kwa wiki katika mishahara yao. Palikuwa na maktaba, chumba cha magazeti, meza za biliadi na ukumbi mkubwa wa mikutano na burudani. Sinema ilikuja baadaye. Mwaka 1920 sheria ikawabana wenye migodi watoe peni moja kwa kila tani ya makaa iliyochimbwa, iingie kwenye mfuko wa maslahi ya wachimbaji, na majengo ya namna hiyo yakaongezeka. Lakini jengo lenyewe ni nusu tu ya habari. Kamati iliyochaguliwa na hao hao waliokatwa nusu peni ndiyo iliyoshika funguo. Iliamua kitabu gani kinunuliwe, filamu gani iletwe, na nani apewe ukumbi wakati wa mgomo. Aneurin Bevan, kijana wa mgodini kutoka Tredegar ambaye akiwa waziri wa afya alianzisha huduma ya afya ya taifa mwaka 1948, alijielimisha kwa vitabu vya maktaba ya wafanyakazi wa mji wake.

Kwetu mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Reli ilifika Nakuru mwaka 1900 na Kisumu mwishoni mwa 1901. Nakuru ikawa njia panda pale tawi la pili lilipopanda Uasin Gishu, likafika Eldoret mwaka 1924 na Kampala 1931. Madereva, wachochea makaa, mafundi wa mabehewa kama babu yako, makarani, wote walihitaji pa kulala, na shirika likawapanga kwa rangi. Wazungu walikuwa na klabu yao, Wahindi yao, Wagoa yao, na hizo ziliendeshwa na kamati za wanachama waliolipa ada. Mwafrika wa landi alipewa chumba kimoja katika safu ndefu ya vyumba. Ukumbi alikuja kuupata baadaye, hasa baada ya Vita vya Pili vya Dunia, tena chini ya ofisa wa ustawi aliyelipwa na mwajiri yule yule.

Kwa nini baada ya vita? Sheria ya mwaka 1940 ilikuwa imefungua mfuko wa Uingereza kwa maendeleo ya makoloni. Maaskari walikuwa wamerudi kutoka Burma wakiwa wameona dunia. Halafu, Januari 1947, Mombasa nzima ikagoma, bandari na reli pamoja. Maofisa wakaona heri mfanyakazi awe na mahali pa kucheza drafti, kusikiliza redio na kutazama picha, kuliko kukaa barazani akipiga hesabu ya mshahara wake. Sisemi kila ofisa wa ustawi alikuwa na nia mbaya. Wako waliopenda kazi yao, na madarasa ya kusoma jioni yalimfaa mtu. Ila bajeti haikupitishwa kwa ajili ya mapenzi.

Kwa hiyo jambo la kwanza la kujua ni ukumbi wenu umesimama kwenye ardhi ya nani. Ukiwa ndani ya mpaka wa reli, hisani ya mjomba ilikuwa fungu la matumizi la shirika, yaani sehemu ya faida iliyotokana na kazi ya akina babu. Ukiwa nje ya mpaka, upande wa Bondeni, Kaloleni au Kivumbini, basi tunazungumzia manispaa, na hapo ndipo maneno ya babu yanapopata nguvu ya kunishangaza hata mimi.

Manispaa za kikoloni zilikuwa na njia yao ya kulipia huduma za Waafrika bila kugusa kodi ya wazungu: pombe. Mtindo huo ulitoka Durban, Afrika Kusini. Huko, baada ya sheria ya mwaka 1908, halmashauri ya mji ilijitwalia haki ya peke yake ya kuwauzia Waafrika pombe ya kienyeji, na faida ikatumika kuwaendesha Waafrika hao hao. Nairobi ikauiga mwanzoni mwa miaka ya 1920 huko Pumwani, na manispaa nyingine za Kenya zikaja kuwa na vilabu vyao vya pombe. Faida iliingia katika mfuko wa Waafrika, na humo ndimo zilimotoka fedha za kumbi, viwanja vya mpira na shule za chekechea.

Tazama mzunguko wenyewe. Mfanyakazi anapokea mshahara, anakunywa kwenye kilabu cha manispaa, na manispaa inamjengea ukumbi kwa faida ya kikombe chake, kisha inamwalika kwenye sherehe ya ufunguzi ili ashukuru. Na mama aliyepika busaa yake nyumbani ili alipe karo ya watoto? Huyo alivamiwa na askari, pombe ikamwagwa, akatozwa faini, kwa sababu alikuwa akishindana na mfuko. Nikimsikia mtu akiita hiyo hisani, mwalimu, huwa naomba anionyeshe hisani iko wapi. Babu yako alisema kweli. Pesa zilikuwa zao, ingawa hakuna aliyewaomba na hakuna aliyewapa risiti.

Lakini mjomba naye ana kipande chake. Watu wa Blaenavon walikatwa, wakachagua kamati, wakashika funguo. Watu wa Nakuru na Kisumu walikatwa kwa mlango wa nyuma, na funguo zikabaki kwa ofisa. Tofauti hiyo ilionekana wazi kwenye kitambaa cheupe.

Kenya ilikuwa na sheria ya maonyesho ya sinema na michezo ya jukwaani tangu 1912, na wakaguzi wakaja kuwa na daraja lao la filamu zisizowafaa Waafrika. Hata katika miji yenye sinema za biashara, filamu aliyoiona karani Mhindi ingeweza kukatazwa kwa dereva Mwafrika. Badala yake ziliandaliwa picha maalumu. Kati ya 1935 na 1937 kulikuwa na jaribio la kutengeneza filamu za mafunzo kwa Waafrika, makao yake Vugiri katika milima ya Usambara, likigharamiwa na shirika la Carnegie la Marekani chini ya mwavuli wa wamisionari. Walitengeneza filamu kama 35, za milimita 16, sauti ikitoka kwenye sahani ya santuri, na lori lao likazunguka Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Vita vilipoanza mwaka 1939, Uingereza ikaunda kitengo cha filamu cha makoloni chini ya William Sellers, mtu aliyeanzia kwenye idara ya afya Nigeria. Sellers aliamini kwamba Mwafrika hawezi kufuata picha zinazobadilika upesi, akaagiza kila tukio lionyeshwe polepole, hatua kwa hatua, bila hila za kamera. Na bado magari ya sinema yalibeba pia filamu za mchekeshaji Charlie Chaplin, ambaye hatulii hata sekunde moja, na hao hao wanaodhaniwa kutofuata walikuwa wakivunjika mbavu kabla mkongojo wake haujagusa mtu. Sijui Sellers alijieleza vipi usiku akilala.

Hapo pia ndipo ugomvi wa bure au kulipa unapokwisha. Gari la serikali lenye mtambo na jenereta halikutoza kitu. Lilikuja na filamu ya choo safi au ng'ombe wa maziwa, na wakati wa hali ya hatari ya 1952 hadi 1960 lilikuja na propaganda dhidi ya Mau Mau. Magari ya kampuni za sabuni na mafuta ya kupikia nayo yalionyesha bure, kwa sababu tangazo ndilo lililolipa. Maonyesho ya burudani ndiyo yaliyohitaji senti mlangoni, maana filamu ilikodishwa na mwenye filamu alitaka chake. Mtoto aliyekwenda siku ya gari na mtu mzima aliyekwenda Jumamosi jioni wote watakwambia kweli, kila mmoja ya kwake. Nashuku mjomba alikuwa mtoto.

Ofisa alishika funguo, ila hakuweza kushika kila kilichosemwa ndani. Mfano bora uko Nairobi, katika ukumbi wa mtaa wa Kaloleni, ambao wakazi waliuona kama bunge lao. Aprili 23, 1950, kwenye mkutano wa pamoja wa KAU (Kenya African Union, chama cha siasa cha Waafrika) na chama cha Wahindi, Makhan Singh, kiongozi wa vyama vya wafanyakazi, alidai humo humo uhuru kamili wa Afrika Mashariki. Hazikupita wiki nne akakamatwa, na Nairobi ikagoma. Jengo lililokusudiwa kuwatuliza watu likatumiwa kuwaamsha. Nakuru nayo kumbi zilipata kazi ambazo hakuna mchoraji aliyezipanga. Sakafu bapa, iliyotengenezwa hivyo ili viti viondolewe watu wacheze dansi, inafaa sana kwa ulingo wa ndondi. Mji huu ulimtoa Philip Waruinge, mshindi wa medali ya shaba ya Olimpiki mwaka 1968 na ya fedha 1972, na hadi leo mabondia wake wana ukumbi walioubatiza Madison Square Garden. (Sakafu bapa hiyo hiyo ndiyo iliyowatesa watoto kwenye sinema: ukikaa nyuma ya mtu mwenye kofia, filamu nzima unaitazama kofia.)

Baada ya uhuru mambo yalikwenda haraka, nami nitayapitia haraka. Ubaguzi wa filamu ukafutika. Anayetaka picha mpya akaenda mjini, Odeon au Eros kwa Nakuru, Tivoli kwa Kisumu, na ukumbi wa mtaani ukabaki na kauboi wa zamani na matanga. Miaka ya 1980 ikaleta mikanda ya video, na vibanda vikajaa kila kona, mwishowe vikiwa na ma-DJ wa filamu kama DJ Afro wakisimulia kwa lugha yetu kila ngumi inayotua. Kumbi nyingi zikawa makanisa siku ya Jumapili. Wenzetu wa Wales hawakunusurika pia: nyingi za kumbi zao ziligeuzwa za kamari ya bingo, na migodi ilipofungwa baada ya mgomo mkubwa wa 1984 na 1985, makato yakakatika. Magharibi mwa Kenya pigo kama hilo liliangukia miji ya kampuni moja. Kiwanda cha karatasi cha Webuye kiliposimama mwaka 2009, nyumba, klabu na kila kilichotegemea mshahara wa kiwandani vilibaki bila mlezi.

Tukirudi kwa ukumbi wenu, kazi ya kutafuta inafaa kabisa kwa darasa lako. Namba ya kiwanja kwanza. Kama ulikuwa wa manispaa, sasa uko chini ya serikali ya kaunti tangu 2013. Kama ulikuwa wa reli, fuata mlolongo: shirika la reli la Afrika Mashariki lilivunjika 1977, mali zikaangukia Shirika la Reli la Kenya, na kuanzia 2006 baadhi ya mitaa ya reli, kama Muthurwa na Makongeni za Nairobi, ilikabidhiwa mfuko wa pensheni wa wafanyakazi wa reli. Uliza kama landi yenu imo. Ikiwa imo, utakuwa na jibu zuri la kumpelekea mjomba, kwamba wastaafu wa reli ndio wenye jengo, angalau kwenye hati.

Kisha nenda kwenye kituo cha kumbukumbu za taifa kilichoko hapa hapa Nakuru, wasikutume Nairobi bure. Omba ripoti za mwaka za manispaa na za ofisa wa mambo ya Waafrika, na usome kurasa za hesabu kabla ya kurasa za maneno: tafuta mapato ya kilabu cha pombe, halafu tafuta matumizi ya ukumbi. Fungu likitoka upande mmoja na kuingia wa pili katika mwaka ule ule, piga picha ukurasa huo.

Wazee nao wahojiwe wangali hai. Waambie wanafunzi wasianze na "mlitazama filamu gani?", maana kila mzee atasema Chaplin. Waulize tiketi ililipwa kwa nani, nani alifunga mlango usiku, na nani alikataliwa kukodi ukumbi. Wamtafute pia mama aliyekuwa akipika busaa miaka hiyo, kama yuko tayari kusema. Na kama mjomba atakubali kuja darasani, mwekeni kiti cha mbele.